Tanzia Yenye Makosa Mawili

Cheo chake kilikuwa kirefu kama treni ya mizigo: Mkuu wa Mawasiliano na Uhusiano kwa Umma. Kilibandikwa mlangoni kwa herufi nyeupe, na mbili kati yake zilikuwa zimekwisha kubanduka. Hakuna aliyekitumia. Kuanzia mlinzi wa lango hadi Mkuu wa Kampasi, wote walimwita Mama Taarifa, kwa sababu kila alipoulizwa jambo, liwe la maji kukatika au la mtihani kuahirishwa, alijibu kwa utulivu uleule: "Taarifa itatoka."

Na kweli ilitoka. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumkuta hana la kusema. Siri yake ilikuwa jalada moja ndani ya kompyuta, aliloliita Akiba. Wengine huweka akiba ya unga. Yeye aliweka akiba ya maneno. Humo mlikuwa na taarifa ya moto kabla moto haujawaka, taarifa ya mgomo kabla wanafunzi hawajakasirika, pongezi za timu ya mpira ambayo haijawahi kushinda hata mechi ya kirafiki, na tanzia za wazee wote wa chuo waliovuka miaka sabini na mitano. Asishangae mtu. Ndivyo kazi ile inavyofanywa popote inapofanywa vizuri. Kifo hakipigi hodi, na anayeanza kutafuta maneno baada ya msiba huishia kuandika "pengo lisilozibika" kama kila mtu.

Wenzake wa vyuo vingine huacha nafasi wazi katika tanzia zao, ili siku ikifika wajaze tarehe. Yeye aliuona huo ni uvivu. Tanzia zake zilikuwa zimekamilika kama shati lililopigwa pasi: "Amefariki dunia leo asubuhi." Leo yoyote ingefaa. Alijivunia neno hilo kuliko cheti chake cha diploma.

Neno hilo ndilo lililomponza.

Jumanne hiyo, Mzee Mwanzilishi, mkuu wa kwanza wa kampasi, aliyestaafu zamani, alikuwa anatimiza miaka themanini. Jumatatu mchana Mama Taarifa alikaa na mpiga picha wa chuo kuandaa salamu za pongezi. Mpiga picha huyu, mwenye kipara na tumbo lililotangulia kila mahali alipokwenda, aliitwa Tabasamu, maana hakuwahi kupiga picha bila kuwaamuru watu watabasamu, hata mazishini.

"Mzee ana picha moja tu nzuri," alisema Tabasamu. "Hii anayocheka. Nyingine zote anaonekana kama amemeza ndimu."

Basi wakaitumia hiyohiyo. Kumbe ndiyo iliyokuwa tayari kwenye tanzia yake ya akiba. Na ule mtambo wa kutuma ujumbe haukuonyesha maneno, ulionyesha picha tu. Mama Taarifa aliona Mzee anacheka, akagusa Mzee anacheka, akapanga ujumbe uende saa moja asubuhi kwa wafanyakazi, wanafunzi na wahitimu wote wa miaka thelathini na minne, kisha akachukua mkoba wake akaenda nyumbani akiwa na moyo mweupe.

Asubuhi alikuwa mezani anakunywa chai. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na futi shingoni na simu mkononi.

"Mke wangu, poleni sana na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa Mzee Mwanzilishi. Lakini mmeandika vizuri! Hapa pa 'mti uliowapa kivuli hata waliokuja kuukata', machozi yamenitoka."

Mama Taarifa akaiweka chini bilauri ya chai taratibu, kama mtu anayeweka yai. Sentensi ile aliijua. Aliitunga mwenyewe mwaka juzi, siku ya mvua, akajipongeza kwa biskuti mbili.

"Mume wangu," alisema, "nimeua mtu."

Ujumbe aliufuta palepale, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Simu elfu nne zilikuwa zimekwisha kuupokea. Alipofika langoni, bendera ya chuo ilikuwa nusu mlingoti, na mlinzi, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, amevua kofia.

"Pole mama. Nimeishusha mwenyewe."

"Ipandishe!"

"Kwani amefufuka?"

"Hakufa!"

Mlinzi akavaa kofia. "Basi tumshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nasikitika nitamkosa kabla hajanifundisha. Mama, ile fomu ya madarasa ya jioni niliyokuomba, bado?"

"Taarifa itatoka," akajibu kwa mazoea, akapita mbio.

Mkuu wa Kampasi alikuwa amesimama dirishani akiitazama bendera inavyopanda. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga wa vikao, aliyependa mambo yapite bila kelele.

"Mama Taarifa, umemuua mtu siku yake ya kuzaliwa."

"Ni kosa langu, Mkuu. Sina wa kumsingizia."

"Ijumaa Baraza la Chuo linakaa. Mwenyekiti wa Baraza unajua anavyompenda Mzee. Mzee akileta hata mstari mmoja wa malalamiko, wewe Jumatatu uko masjala. Unataka kubaki kwenye kiti chako, niletee barua yake ya msamaha, ina saini, kabla kikao hakijaanza."

Masjala ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha, imejaa mafaili ya wanafunzi walioacha chuo. Mfanyakazi wa mwisho kupelekwa huko alikaa miaka sita, hadi wenzake wakaanza kumtaja kwa kusema "hayati". Mama Taarifa, ambaye maisha yake yote yalikuwa kusema na watu, aliona bora angepewa fagio.

Akarudi ofisini kuchukua mkoba aende kwa Mzee kuomba radhi. Hajaugusa, mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Hodi! Marehemu anaweza kuingia?"

Alikuwa Mzee Mwanzilishi mwenyewe, ndani ya suti ya kijivu, kiatu kinang'aa, fimbo mkononi ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuelekezea watu makosa yao. Mama Taarifa akasimama, akaegemea meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa, binti yangu, usije ukaanguka tukawa na tanzia ya pili."

"Mzee, nisamehe. Sijui hata nianzie wapi."

"Anza kwa kukaa, nimesema." Naye akakaa, akaweka fimbo magotini. "Simu ya kwanza imenikuta nanyoa ndevu. Mtu analia, anasema, 'Nipe mama nimpe pole.' Nikamwuliza pole ya nini. 'Ya Mzee,' anasema. Nikampa mke wangu simu. Mke wangu kasikiliza, kanitazama, kamjibu, 'Ahsante sana, tumepokea, ila marehemu ameacha povu beseni zima na haoshi.'"

Mama Taarifa hakujua acheke au alie. Mzee akacheka kwa niaba ya wote wawili. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa ile tanzia, imechapishwa, na imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama insha ya kidato cha pili.

"Nimekupa kumi na nane kwa ishirini."

"Ahsante, Mzee."

"Usishukuru kabla hujaona ulipokosea. Una makosa mawili. La kwanza, sijafa. Hilo ni dogo. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hilo litakuja tu, na mimi silikimbilii. La pili, hebu soma hapa nilipopiga mstari."

Mama Taarifa akasoma, na sauti ikawa inapungua kadiri sentensi ilivyoendelea. "'Madarasa ya jioni aliyoyaanzisha kwa ajili ya wafanyakazi yanaendelea hadi leo.'"

"Leo ipi hiyo?" aliuliza Mzee.

Mama Taarifa akairudia sentensi ile kwa macho.

"Nimepita pale kabla ya kuja hapa. Jengo la nyuma, vyumba vitatu. Kufuli lina kutu. Nimechungulia dirishani nikaona viti vilivyovunjika miguu vimepandana mpaka darini. Nani anasoma humo, panya?"

Mama Taarifa alijua. Miaka minne nyuma taa za jengo lile ziliharibika, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika tangazo kwamba madarasa yamesimama "kwa muda". Huo muda haukuulizwa tena na mtu. Kila mwaka kijitabu cha chuo kilinakiliwa kutoka cha mwaka uliotangulia, na ile sentensi ikasafiri humo bila nauli, mpaka ikaingia kwenye tanzia. Hakusema uongo kwa kukusudia. Alikuwa tu hajapita nyuma ya jengo lile tangu siku alipoandika tangazo.

"Barua ya msamaha nitakupa," Mzee aliendelea, sauti imeshuka. "Najua unaihitaji, nimesikia nikipita nje; Mkuu wenu akikasirika ana sauti ya kupenya ukuta. Lakini mimi ni mwalimu. Sikubali mtu asahihishe kosa moja akaliacha la pili. Nitakuwaje hai kwenye karatasi, na kazi yangu imefungiwa kufuli? Sahihisha yote mawili, nitatia saini."

Akainuka, akaondoka, akimwacha na karatasi yake nyekundu.

Mchana huo aliandika sahihisho. Lilikuwa fupi kuliko chochote alichowahi kuandika. Akampelekea Mkuu wa Kampasi, ambaye alilisoma huku amelishika kwa ncha za vidole.

"La kwanza sawa, liende sasa hivi, watu wasiendelee kulia. La pili hapana. Andika 'yanaendelea kuboreshwa'."

"Hayaboreshwi, Mkuu. Yamefungwa."

"Basi andika 'yako katika hatua mbalimbali'. Wewe si fundi wa haya?"

Fundi alikuwa yeye, na maneno yote mawili aliyafundisha yeye. Akatuma taarifa ya kwamba Mzee ni mzima na anawasalimu. Sahihisho la pili akarudi nalo nyumbani ndani ya mkoba, limejikunja kama mtoto aliyekatazwa kusema.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Kumbe yamefungwa?"

"Miaka minne."

"Mimi kila mteja anayelalamika hakusoma namwambia aende. Juzi tu nimemwambia fundi rangi. Namwambia, mke wangu kaandika, basi yapo."

"Na wewe unaamini kila ninachoandika?"

"Nisiamini? Nimeoa gazeti, nilisome kwa mashaka?" Akakanyaga tena cherehani, halafu akaacha. "Ila kiraka hakishonwi juu ya kitambaa kilichooza, mke wangu. Uzi haushiki. Kwanza unakata palipooza, tundu linakuwa kubwa zaidi, watu wanaliona. Ndipo unashona."

Hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano alikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Aliona kazi moja ambayo hakuna wa kumkataza: kuwajibu wote waliotuma rambirambi, mmoja mmoja, na kuwaomba radhi. Jumbe zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Tabasamu akaziprinti, akawa anasoma kwa sauti huku yeye anajibu.

"Huyu anasema, 'Alinifukuza darasani mara tatu, na mara zote nilistahili.'"

"Mjibu kwamba Mzee bado ana nguvu za kumfukuza mara ya nne."

"Huyu: 'Nilikuwa mpishi wa bweni. Jioni nilisoma kwake nikinuka moshi, hakuna aliyeziba pua.' Huyu: 'Mchana nilikuwa dereva wa lori, jioni nikajifunza hesabu.' Huyu alikuwa mfuaji." Tabasamu akanyanyua kichwa. "Mama, mbona hawa wote ni wa jioni?"

Mama Taarifa akaacha kuandika. Wakaanza kuzigawa: za mchana kushoto, za jioni kulia. Kufikia saa nane rundo la kulia lilikuwa limeinama kama mlevi. Wahandisi, wauguzi, walimu, mwenye duka la dawa; wote walianzia jioni, wakiwa na matope viatuni. Na karibu nusu yao walimalizia kwa neno lilelile: wamefarijika kusoma kwamba madarasa yanaendelea hadi leo.

Karibu na mwisho Tabasamu akasoma moja, akairudia taratibu.

"'Mimi nilibeba matofali ya jengo la nyuma. Mchana nikilijenga, jioni nikakaa ndani yake nikajifunza kusoma ramani yake. Mzee alisema mjenzi asiyeingia alichojenga ni punda. Msiba huu umenivunja, ila nafarijika kwamba taa za vyumba vile bado zinawaka.'"

"Nani huyo?"

"Mwenyekiti wa Baraza."

Kisha Mama Taarifa akalibeba lile rundo la kulia kwa mikono miwili, akalishikilia kwa kidevu, akaenda nalo hadi kwa Mkuu wa Kampasi, akalishusha juu ya meza yake. Karatasi ya Mwenyekiti aliiweka juu.

Mkuu akaisoma. Akaisoma tena.

"Ijumaa atataka kupaona," alisema.

"Atataka, Mkuu."

"Viti vilivyovunjika viko vingapi?"

"Sijahesabu. Vimefika darini."

Mkuu akazunguka meza mara mbili, ghafla akasimama, uso umechangamka. "Sikiliza. Kesho jioni tuwashe taa, hata za kuazima. Tuwaite wapishi, walinzi, wafagiaji, wakae kwa saa moja na madaftari. Tabasamu apige picha. Ijumaa Mwenyekiti anaiona picha, roho yake inatulia, na wewe una kiti chako. Hata barua ya Mzee sitaidai."

Mtego ulikuwa mtamu. Kazi ile angeifanya amefumba macho. Akamkumbuka mlinzi aliyemwuliza fomu, na jibu alilompa akikimbia. Mtu yule angekaa mbele ya kamera na daftari jipya, atabasamu akiambiwa, halafu saa moja ikiisha arudishe daftari.

"Hapana, Mkuu."

"Hapana nini?"

"Mara hii tufungue kwanza, ndipo tupige picha. Kama ni masjala nitakwenda, nitabeba taa yangu. Lakini sitaandika tena 'leo' ambayo sijaiona kwa macho." Akatoa lile sahihisho mkobani, akalilaza juu ya rundo. "Mwenyekiti akikuta chumba kibovu na taarifa ya kweli, atakasirika siku moja. Akikuta picha ya uongo, hatatuamini tena maisha, mimi na wewe."

Mkuu alikuwa mwoga, lakini hakuwa mjinga. Alilitazama rundo, akalitazama sahihisho, akaitazama simu yake kama vile ingelia muda wowote. Mwisho akachukua kalamu.

"Hii nayo," alinung'unika akitia saini, "usiitume na picha ya Mzee anayecheka."

Alhamisi saa nne asubuhi simu elfu nne zilipokea maneno haya: "Jumanne tulitoa taarifa yenye makosa mawili. Tulisema Mwanzilishi wetu amefariki. Yu hai, na ametusahihisha mwenyewe. Tulisema madarasa yake ya jioni yanaendelea; yamefungwa miaka minne, na hatukuwaambia. Kosa la kwanza tunaliombea radhi. La pili tunalirekebisha kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili jioni, jengo la nyuma. Fomu ziko kwa mlinzi wa lango."

Ijumaa, Mwenyekiti wa Baraza alifika mapema kuliko wajumbe wote, mtu mpana mwenye viganja kama sahani. Hakwenda chumba cha mkutano. Alikwenda jengo la nyuma, akavua koti, akamtupia Mkuu wa Kampasi alishike, akaanza kutoa viti.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza, kiti kimoja begani.

"Taarifa..." alianza Mkuu.

"Imetoka," alimalizia Mama Taarifa. "Imechelewa miaka minne, lakini imetoka."

Mwenyekiti akamtazama, akaguna, akampa kiti abebe. Kikao kilianza saa mbili baadaye, wajumbe wote wamejaa vumbi, na suala la taa lilipita bila hata mmoja kuomba ufafanuzi. La masjala halikutajwa.

Jumatatu jioni madirisha matatu yaliwaka. Watu arobaini na watatu walikaa kwenye viti vilivyounganishwa miguu na seremala wa chuo, vingine vikiyumba kidogo. Fundi rangi alikuwepo. Mlinzi wa lango, zamu yake imekwisha, alikaa safu ya mbele na sare yake, ameshika kalamu kama anayeogopa itamtoroka. Tabasamu alizunguka na kamera.

"Tabasamu!" aliwaamuru.

"Acha wasome!" Mzee Mwanzilishi alimkemea kutoka ubaoni. Darasa zima likacheka, na hapo ndipo Tabasamu alipobonyeza. Ndiyo picha iliyokaa kwenye kijitabu cha mwaka uliofuata.

Kipindi kilipokwisha, Mzee akamwita Mama Taarifa mlangoni, akampa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya msamaha, mistari miwili na saini, ingawa hakukuwa tena na aliyeidai. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine: ile tanzia, imeandikwa upya kwa mwandiko wake uliosimama wima. Sentensi ya madarasa ya jioni ilikuwa palepale, haikuguswa hata nukta, na pembeni palikuwa na alama nyekundu ya vema. Juu kabisa: ishirini kwa ishirini.

"Sasa imekamilika," alisema Mzee, akivaa kofia yake. "Irudishe kwenye akiba yako. Ila safari hii, binti yangu, usiitume mpaka nikupigie simu mwenyewe."